Fundi wa Sauti Anajibu: Hedifoni za Mbao

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza kitu kimoja: hedifoni za mbao, zile kubwa zinazofunika sikio lote na zilizozibwa kwa nyuma. Zinazofanana nimeziunganisha. Kwa wanaonisoma kwa mara ya kwanza, mimi hurekodi kwaya na vikundi vya ngoma hapa Tabora mjini, na hutengeneza vifaa vya sauti. Hedifoni zilizozibwa nyuma ndizo zana yangu ya kila siku, maana mwimbaji akivaa zilizo wazi, muziki humwagika kutoka masikioni mwake ukaingia kwenye maikrofoni anayoiimbia.

Mbao au plastiki?

*Fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu. Katika mafao yangu nimetenga fedha kwa kitu nilichokitamani tangu ujana: kusikiliza muziki wa dansi wa zamani vizuri, bila kuwasumbua watu wa nyumbani. Mwanangu aliyeko Dar es Salaam ananishauri hedifoni za mbao. Nimeona bei, nikashtuka. Je, mbao kweli hutoa sauti bora kuliko plastiki, au ninalipia urembo? Na wewe ungechagua ipi? – Mwalimu mstaafu, Ujiji*

Shikamoo Mwalimu. Swali lako la kwanza ndilo gumu, nianze nalo.

Mbao peke yake haitengenezi sauti. Ndani ya kila kikombe kuna spika ndogo. Kiwambo chake kinaposukuma hewa kuelekea sikioni, upande wa nyuma kinaivuta, kwa hiyo sauti hutoka pande zote mbili. Kwenye hedifoni zilizo wazi, sauti ya nyuma hujiendea zake. Kwenye zilizozibwa haina pa kutokea: inagonga ukuta wa kikombe, inarudi, inakutana na sauti mpya inayotoka. Chukua kikombe chenye kina cha sentimita 4 na sakafu bapa inayotazamana na spika. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo nafasi hiyo ya sentimita 4 itavuma karibu na hezi 4,300, yaani mitetemo 4,300 kwa sekunde. Hapo ndipo sikio la binadamu lilipo kali kuliko kwingine kote. Mvumo ukikaa hapo, tarumbeta inachoma na gitaa la solo linasikika limo ndani ya kopo.

Sasa mkerezaji mzuri wa mbao anaweza kuuacha ukuta ukiwa mnene, na ndani akauchimba kwa umbo la bakuli pasiwe na kuta mbili bapa zinazotazamana. Mbao nene pia huuzima mtetemo wake upesi kuliko plastiki nyembamba. Faida hiyo ni ya kweli. Lakini plastiki nene iliyobuniwa kwa akili na kuwekewa sufi ya kutosha ndani itaishinda mbao iliyochongwa kivivu, na nimefungua za aina zote mbili mezani kwangu. Mtu akikwambia kwamba mti fulani una sauti tamu na mwingine una sauti kavu, muulize kwanza kama zile hedifoni mbili zina spika ileile, sponji zilezile zinazokaa sikioni na sufi ileile. Mara nyingi hazina.

Unacholipia basi ni kazi ya mkono, ugumu wa kikombe, na urembo. Urembo si sababu ya kuonea aibu, Mwalimu. Kitu utakachokivaa kila jioni kwa miaka mingi kina haki ya kupendeza. Sony walipotoa hedifoni za MDR-R10 mwaka 1989, vikombe vyake vilichongwa kwa mti wa keyaki wa Japani, na hadi leo watu huitafuta. Fostex TH900 imepakwa urushi, laka ya Kijapani inayotokana na utomvu wa mti, ambayo huhitaji hewa yenye unyevu ili ikauke vizuri. Denon wametumia walnati kwenye AH-D7200 na mwanzi kwenye AH-D9200. Hizi ni kazi za watu wanaoijua mbao.

Kwa matumizi uliyoyaeleza, mimi ningeanza na Meze 99 Classics, za kampuni ya Romania, zenye vikombe vya walnati. Zina omu 32, kipimo cha jinsi zinavyozuia umeme, na hutoa desibeli 103 za ukubwa wa sauti kwa miliwati 1 ya umeme, maana yake simu ya kawaida inazimudu bila kifaa kingine. Uzito wake ni gramu 260 hivi; AH-D7200 ina gramu 385, na tofauti hiyo shingo huihisi ukifika upande wa pili wa santuri. Besi yake imeongezwa kidogo. Kwa kuchanganya sauti za kwaya siitumii kwa sababu hiyo hiyo, kwani ingenifanya nipunguze besi mahali isipozidi. Lakini rekodi za zamani zilizofanywa Radio Tanzania, za bendi kama Tabora Jazz, Western Jazz au Nuta, nyingi zina besi nyembamba, na nyongeza ile huwarudishia wapigaji mwili wao. Usitegemee sauti zitawanyike kushoto na kulia, kwani nyingi zilirekodiwa kwa mkondo mmoja. Utakachopata ni kusikia vidole juu ya nyuzi.

Kuna jambo moja nalisimamia kwa nguvu kuliko chapa yoyote: nunua hedifoni inayofunguka. Huku kwetu Kigoma na Tabora hakuna duka la wakala wa kukubadilishia kitu. Mbao itatuzika sisi sote. Kinachokufa ni sponji, waya na mkanda wa kichwani. Kabla hujatoa hela uliza mambo haya: waya unachomoka? Sponji zinatoka kwa mkono? Vikombe vimefungwa kwa skrubu au vimegandishwa kwa gundi? Sponji za akiba zinauzwa wapi na kwa bei gani? Kisha agiza jozi moja ya sponji pamoja na hedifoni yenyewe, katika mzigo uleule, ili usilipe nauli mara mbili. Na unapopiga hesabu, kumbuka bei ya dukani si bei ya kufika. Ushuru wa forodha huhesabiwa juu ya bei ya kitu pamoja na nauli na bima, halafu VAT ya asilimia 18 huja juu ya jumla hiyo pamoja na ushuru wenyewe. Mwombe kijana wako apate makadirio kwa msafirishaji kabla ya kulipa.

Ukiletewa za mkononi, angalia kama ni mbao kweli. Mistari ya mti iliyo juu ya kikombe lazima iendelee kwenye ukingo na kugeuka nao. Ikikatika ghafla pembeni, hiyo ni karatasi au plastiki iliyochorwa. Vikombe viwili vya mti wa kweli havifanani kabisa. Ukiona doa lilelile kushoto na kulia, rudisha.

Sauti ndogo kwenye simu

*Fundi, kuna mgeni aliyekuwa anamaliza mkataba wake huku akaniuzia hedifoni za mbao zilizotengenezwa Chicago. Zimeandikwa 300 na alama ya omu. Kwenye simu yangu sauti inatoka ndogo na imechoka. Nimeuziwa mbovu? – Kijana wa Kasulu*

Hapana, ndugu yangu, inawezekana kabisa umeuziwa lulu. Kampuni ya ZMF ya Chicago hutengeneza hedifoni za mbao za omu 300, na hizo hazikukusudiwa kwa simu.

Hesabu yake ni hii. Hedifoni ya omu 32 inayotoa desibeli 103 kwa miliwati 1 huhitaji volti 0.18 tu kufika hapo. Chukua mfano wa nyingine ya omu 300 inayotoa desibeli 97 kwa miliwati 1: ili ifike desibeli 103 inataka miliwati 4, na kuzisukuma miliwati 4 ndani ya omu 300 kunahitaji volti 1.1. Tundu la simu, au ile adapta ndogo ya kuchomeka, hutoa kati ya nusu volti na volti moja ukiwa umefungua sauti yote. Ndiyo maana inachoka. Tafuta amplifaya ndogo ya hedifoni. Hata ya bei ya kawaida itatosha. Usinunue adapta nyingine ukitumaini bahati. Ukishapata amplifaya, anza na kitufe cha sauti kikiwa chini kabisa ndipo uvae.

Ufa wa kiangazi

*Fundi, shikamoo. Hedifoni zangu za walnati nilizinunua masika zikiwa safi. Kufika Septemba nimeona mstari mwembamba sana kwenye kikombe cha kulia, na nikipitisha ukucha unakwama. Jirani yetu fundi samani anasema nizipige msasa na vanishi upya. Nimsikilize? – Binti wa Isevya, Tabora*

Marahaba binti yangu. Usipige msasa, wala vanishi usiiguse kwa sasa. Jirani yako anaijua meza na kabati, na kwa kabati ushauri wake ungefaa. Hapa kuna spika sentimita chache tu kutoka kwenye msasa, na vumbi lake likiingia kwenye sumaku halitoki.

Mti uliokatwa na kukaushwa huendelea kunywa na kutoa maji kufuata hewa iliyouzunguka. Hewa yenye unyevu wa asilimia 80, kama ya masika, huuacha mti ukiwa na maji kama asilimia 16 ya uzito wake mkavu. Hewa ya asilimia 30 huuteremsha hadi 6 hivi. Nasi hapa Tabora, tukiwa juu kwenye mita 1,200 hivi, mvua ikikatika Aprili au Mei hewa inakauka mwezi baada ya mwezi hadi mvua za Novemba. Midomo yako inaijua hali hiyo.

Na mti haupungui sawa kila upande. Walnati ya Marekani ikishuka kutoka unyevu wa asilimia 12 hadi 7, kikombe chenye upana wa sentimita 9 hupungua takriban milimita 1.2 upande unaofuata duara za umri wa mti, na kama milimita 0.9 upande unaozikata. Kwa urefu wa nyuzi karibu hakipungui kabisa. Maana yake duara inageuka kuwa yai, wakati pete ya chuma na skrubu zilizoshikana nayo hazijasogea. Kitu lazima kiachie, na kinachoachia ni mti.

Kwanza tambua ni ufa wa nini. Toa sponji, angalia ukingo wa ndani kwa tochi. Mstari usipofika ndani, na ukiwa haufuati nyuzi za mti, basi ni vanishi iliyopasuka. Haidhuru sauti, unaweza kuiacha. Ukifuata nyuzi na kuonekana ndani pia, ni mti wenyewe.

Hata hivyo usimimine gundi Septemba. Hili nalisisitiza kwa sababu ndiyo haraka ya kila mtu. Ufa wa kiangazi upo wazi kuliko utakavyokuwa wakati wowote mwingine. Ukiujaza gundi ngumu sasa, mvua zikirudi mti utavimba, ukute nafasi yake imeshikwa, upasuke pembeni. Urudishie unyevu kwanza, taratibu. Tafuta kasha la plastiki lenye mfuniko unaobana. Chukua kisanduku cha sabuni, kitoboe matundu, weka ndani kipande cha sponji kilicholoweshwa na kukamuliwa kabisa. Kiweke pembeni mwa kasha pasipogusa hedifoni. Nunua na kipima unyevu kidogo cha betri, uweke humo. Shabaha ni kati ya asilimia 40 na 60. Kikipita 65, toa sponji na uache kasha wazi kidogo, maana ukungu kwenye sufi ya ndani ni balaa kuliko ufa. Baada ya wiki kadhaa nyufa nyingi nyembamba hujifunga zenyewe hata ukucha haukwami. Ukibaki, ndipo nitakuelekeza kuujaza; niandikie tena mvua zikishashika.

Mahali unapoziweka pia pana maana kubwa. Zisikae dirishani upande wa jua la mchana, wala mbele ya feni, wala ndani ya gari lililoegeshwa.

Watu wanne wameuliza kuhusu nta ya nyuki, jambo linaloeleweka kwenye mkoa wa asali. Jibu langu: inategemea kikombe kimemalizwaje. Ukikitazama kwenye mwanga ukaona mng'ao mfululizo uliofunika vinyweleo vya mti, hiyo ni vanishi au laka, na nta juu yake itatengeneza utando wa kunata tu. Kitambaa laini kikavu kinatosha. Ukivihisi vinyweleo vya mti kwa kidole, basi kimepakwa mafuta, na hapo nta yetu ni dawa nzuri. Yeyusha sehemu moja ya nta safi iliyochujwa ndani ya sehemu nne za parafini ya maji inayouzwa duka la dawa, ukiweka bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto na kamwe si juu ya moto wenyewe. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, haihitaji zaidi. Ikipoa, paka kidogo sana kwa kitambaa, subiri robo saa, futa yote. Mara moja au mbili kwa mwaka inatosha. Na ndugu zangu wa Kigoma, mawese hapana. Alizeti pia hapana. Mafuta ya chakula huchacha ndani ya mti, hunata na kunuka, na rangi ya mawese haitatoka tena.

Sponji zinamenyuka

*Fundi, ninapiga muziki kwenye harusi. Hedifoni zangu zina vikombe vya mbao na vyenyewe viko vizuri, lakini sponji zinatoa magamba meusi yanayonigandia shavuni. Pia besi imepungua. Je, spika zimechoka? – Mwanga, Kigoma*

Spika zako nadhani ni nzima. Besi ya hedifoni zilizozibwa hutegemea hewa isivuje kati ya sponji na kichwa. Upenyo mdogo tu, na sauti nzito zinapotea huku nyembamba zikibaki palepale. Jipime hivi: cheza mlio wa hezi 40 kwa sauti ya chini, kisha bana vikombe kwa viganja. Besi ikipanda sana, kinachovuja ni sponji. Miwani yenye mikono minene hufanya vivyo hivyo, na ndevu pia.

Magamba hayo ni ngozi bandia. Nyingi ni poliyurethani, aina ya plastiki, iliyopakwa juu ya kitambaa, na mvuke wa maji hewani huikata kidogo kidogo, joto likizidisha kasi. Kandokando ya ziwa vyote viwili mnavyo kwa wingi, ndiyo maana hata sponji za akiba zilizolala kabatini Kigoma huanza kunata kabla hazijavaliwa. Zihifadhi kwenye kopo lililofungwa pamoja na vifuko vya silika, vile vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Zilizokwisha kumenyuka hazitengenezeki. Gundi na mkanda wa plasta ni kujisumbua.

Ukiagiza mpya, pima upana wa nje, upana wa tundu, na unene, kisha angalia jinsi zinavyoshika: mdomo wa kuvalisha, pini, au pete. Unene usiuchukulie wepesi. Ukiweka sponji nyembamba kuliko za awali, sikio linasogea karibu na spika na sauti yote inabadilika. Nimeona watu wakiuza hedifoni nzuri kwa kudhani zimeharibika kumbe zilivishwa sponji zisizo zake. Ngozi ya kondoo hudumu kuliko bandia, ila kwa jasho la ukumbini itataka kufutwa kila usiku. Za mahameli ni baridi na laini, lakini hewa hupita, utapoteza besi uliyokuwa unaitafuta. Futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo na tone la sabuni laini, kausha kivulini. Spiriti na dawa za kutakasa mikono zikae mbali na ngozi na mbali zaidi na vanishi ya mbao.

Mtoto na hedifoni za baba

*Fundi, mwanangu wa miaka kumi amezipenda hedifoni za baba yake, analala nazo. Nikimwita hasikii. Nihofie? – Mama wa Gungu, Kigoma*

Dada, kuitwa asisikie si kipimo kwa hedifoni zilizozibwa. Kazi yake ni kuzuia sauti za nje, na ataacha kukusikia hata muziki ukiwa chini. Hilo lina faida, maana asiyesumbuliwa na kelele za nje hana haja ya kupandisha sauti.

Kipimo cha Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni desibeli 80 kwa saa 40 za wiki. Kwa mtoto ni desibeli 75 kwa saa hizohizo. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda unakatwa nusu. Kwa mtoto, 78 ni saa 20, 81 ni saa 10. Simu nyingi zina sehemu ya kuweka kikomo cha sauti kwenye mipangilio; kiweke na ukifunge kwa namba ya siri. Kulala nazo nakataa moja kwa moja. Waya shingoni usiku haufai, na mkanda wa kichwani utapinda.

Vikombe vya mninga

*Fundi, mimi ni mkerezaji hapa Ng'ambo, nakereza miguu ya vitanda na vinu vidogo. Mteja ameniletea hedifoni za plastiki za studio, anataka nimtengenezee vikombe vya mbao. Nina mabaki ya mninga na kipande cha mpingo. Kipi kinafaa? Na nikivipata vizuri, naweza kuuza nje ya nchi? – Mkerezaji, Ng'ambo, Tabora*

Barua hii imenifurahisha kuliko zote, kaka. Mikono ipo, mti upo, na nta ya kufungia mti ipo hapahapa mkoani.

Chukua mninga. Nina sababu mbili. Ya kwanza ni uzito: mninga uliokauka una uzito wa takriban gramu 0.6 kwa kila sentimita ya ujazo, mpingo hupita gramu 1.2 na huzama majini. Kikombe kitakachotoka na gramu 60 kwa mninga kitakuwa na gramu 120 kwa mpingo, na mteja ataubeba mzigo huo kichwani mara mbili, kushoto na kulia. Ya pili ni utulivu. Mninga ni miongoni mwa miti inayosinyaa kidogo sana ikikauka, ndiyo maana milango yake haikwami masika na kiangazi haiachi mwanya. Kwa Tabora hiyo ni sifa kubwa kuliko rangi. Mpingo una utukufu wake kwenye zumari na klarineti. Kipande chako kihifadhi kwa pete nyembamba ya urembo ukingoni.

Mabaki ya karakana yanaweza kuwa yamekauka nje na mabichi ndani. Pima uzito wa kila kipande mara moja kwa wiki, uandike kwa penseli juu yake. Uzito ukiacha kushuka, kimetulia. Kisha kereza kwa awamu mbili: kwanza kitoe umbo la jumla ukiacha ukuta mnene, kama sehemu moja ya kumi ya upana wake. Paka nta kwenye ncha ambazo nyuzi zimekatwa, kwa sababu hapo ndipo maji hukimbia upesi na nyufa huanzia. Kiache kivulini wiki kadhaa kijipinde kinavyotaka, ndipo ukimalize kwa kipimo.

Ndani fuata nilichomwandikia Mwalimu wa Ujiji hapo juu: sakafu isiwe bapa. Iache na umbo la bakuli, ukuta wa milimita 5 hadi 7, na ujazo wa ndani uwe karibu na ule wa kikombe cha plastiki unachokiondoa. Upime kwa mchele: jaza kikombe cha zamani, mwaga kwenye chombo cha kupimia, linganisha na chako. Ujazo ukizidi sana au ukipungua sana, besi itabadilika na mteja atakulaumu. Bandika sufi au felti sakafuni kama ilivyokuwa kwenye kile cha zamani. Bila hiyo utapata mvumo hata umbo likiwa zuri. Tundu la waya litoboe kabla ya kumaliza, na usikaze skrubu moja kwa moja kwenye mti mwembamba bila kutoboa njia kwanza. Spika usiiweke mpaka kazi yote ya msasa na mafuta iishe na harufu itoke.

Vaa barakoa nzuri. Vumbi la mninga huwaletea baadhi ya watu pumu na muwasho, na la mpingo huwasha ngozi. Ukitumia mafuta ya kitani, matambara yake yatandaze nje yakauke au yaloweshe maji. Yakirundikwa pamoja hupata joto yenyewe na kuwaka.

Kuhusu kuuza nje, usianze kabla hujazungumza na ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Miti ya jamii ya mpingo iliingizwa kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, mwaka 2017, na jamii ya mninga wa Afrika ilifuata baada ya mkutano wa Panama wa mwaka 2022. Hilo halikuzuii kufanya biashara, ila linadai vibali na ushahidi wa mti umetoka wapi. Hata kwa soko la ndani, tunza risiti za karakana unakochukua mabaki. Ukihamisha mbao kutoka wilaya moja kwenda nyingine, ulizia hati ya kusafirishia.

Jozi ya kwanza mpe mteja wako wa hapahapa, aivae miezi ya ukavu na miezi ya mvua, kisha uifungue uione ndani. Na kabla hujaviunganisha, pima vikombe vyote viwili kwenye mizani ya dukani. Vikitofautiana zaidi ya gramu chache, punguza kile kizito kwa ndani, kwenye ukuta na si kwenye sakafu, kidogo kidogo ukipima tena.